Kiungulia na Kitanda Kilichoelekea Bondeni

Siku niliyomezeshwa kamera, nje ya chumba cha vipimo walikuwa wamekaa watu wanne wa kwangu. Alikuwepo Debora, anayenifuata kuzaliwa, ambaye aliacha watoto wake kwa mama mkwe kule Mgwashi akaja na mkoba mmoja. Alikuwepo Elisha, wa tatu wetu, fundi mwashi, aliyetoka moja kwa moja kwenye ujenzi akiwa bado na saruji kwenye nyusi. Alikuwepo Rehema, kitinda mimba, mwalimu wa chekechea, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiniambia "usiogope, Kaka" huku yeye mwenyewe akitafuna kucha. Na alikuwepo Mama Singano, jirani yetu, ambaye hakuna aliyemwalika. Alitukuta stendi tayari ana mwavuli, chupa ya uji na kitenge cha kujifunika, akasema, "Nani aliwaambia mtakwenda bila mtu mzima?" Ndani alikuwepo daktari kijana asiyesema sana, na nesi mmoja mwenye kicheko kikubwa. Na mimi, Nikodemo, kifungua mimba, nimelala ubavu wa kushoto, nimeuma kipande cha plastiki chenye tundu katikati.

Nawataja wote kwa sababu kwa miezi minane nilijitahidi asijue hata mmoja wao.

Naandika haya nikiwa mzima. Nasema mapema, ili wewe ambaye kifua chako kinawaka moto sasa hivi usisome kwa hofu niliyokuwa nayo mimi. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mambo ya ndani ya tumbo uwaulize wenye kazi yao. Mimi nitasema yaliyonipata.

Ilianza msimu wa plamsi. Mimi ni mkulima wa kabichi na karoti, na shamba letu liko kwenye mteremko juu ya kijito. Kulima kwetu ni kuinama. Ukiinua kichwa unaona bati la jirani chini ya miguu yako, kisha unainama tena. Mwaka ule, kila nilipoinama, maji machungu yalipanda kutoka tumboni mpaka kooni, yakaunguza njia nzima. Nikasema ni plamsi, maana nilikuwa nazila mbichi kwa chumvi kama mtoto. Plamsi zikaisha, uchungu ukabaki. Zikaja peasi, zikaisha nazo. Uchungu haukwenda na tunda lolote.

Nilijitibu mwenyewe. Nilikunywa maji ya majivu yaliyochujwa. Nilikunywa maziwa, yakanituliza kwa saa moja kisha moto ukarudi na ndugu zake. Mtu mmoja sokoni alinishauri tangawizi na ndimu kabla ya kulala, na siku ile nilidhani nimemeza kaa la moto. Baadaye nikawa nanunua vidonge vya kutafuna kwenye duka la dawa, leo duka hili, kesho lile, ili muuzaji asinizoee. Nilivijaza mifukoni, na nikitembea koti langu lililia kama njuga.

Mwili ulianza kunisema. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, na baada ya miezi miwili nikatoboa la pili. Meno yalipata ganzi nikinywa maji ya baridi. Asubuhi niliamka na kikohozi. Kilichoniuma kuliko vyote ni sauti. Mimi ni besi katika kwaya ya usharika wetu tangu nilipobaleghe, na besi ndiyo kitu pekee nilichowahi kusifiwa hadharani. Sauti ikaanza kukwaruza. Siku moja mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo akaniuliza, "Nikodemo, wewe leo ni besi au ni mashine ya kusaga?" Kwaya nzima ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikakohoa mpaka wakaanza wimbo mwingine bila mimi.

Sasa niseme kwa nini nilificha. Mama yetu alianza hivyohivyo. Alisema ni kiungulia, akasema ni gesi, akanywa majivu. Baadaye chakula kikawa kinamkwama, kwanza ugali, kisha wali, mwisho hata uji haukupita. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili nyuma. Tulipomzika Mama nilikuwa na miaka kumi na saba, Debora kumi na tatu, Elisha minane na Rehema mitatu. Sikurudi shule wiki iliyofuata. Hakuna aliyenikataza kurudi, na hakuna aliyeniambia nirudi. Kulikuwa na kabichi za kupalilia na mtoto wa kubeba mgongoni.

Nilipika, nikawapakulia, nikawaangalia wakila. Mimi nilikula mwisho, wenzangu wakishalala, kile kilichobaki kwenye sufuria, kisha nikajitupa kitandani hapohapo, maana lori la mboga lilipita saa kumi alfajiri na halikumngoja mtu. Sikuzote kilibaki cha kutosha, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo. Wadogo zangu wakakua, Debora akaolewa, Elisha akajenga chumba chake uani, Rehema akapata kazi, lakini mimi niliendelea kula mwisho na kulala juu ya chakula. Ilikuwa ndiyo namna yangu ya kula.

Kwa hiyo chakula kilipoanza kunikwama na mimi, nilijua, au nilidhani najua, naelekea wapi. Na sikutaka wadogo zangu waone mara ya pili kitu walichokwisha kukiona mara moja.

Aliyenishika ni Mama Singano, siku ya mavuno kanisani. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi na sahani zetu. Tonge la bada, ule ugali wetu wa muhogo, likasimama katikati ya kifua. Halikushuka wala halikupanda. Machozi yakanitoka. Mama Singano aliweka sahani yake chini.

"Nikodemo, umepaliwa?"

"Hapana, Mama. Ni pilipili."

"Pilipili iko wapi? Chakula hiki hakina hata chumvi, nimepika mwenyewe."

Kabla jua halijazama alikuwa ameshampigia Debora simu.

Debora alifika kesho yake. Aliingia, akasema shikamoo, na kabla sijaitikia vizuri alikuwa ameshachukua koti langu ukutani akalitikisa. Vidonge vikamwagika sakafuni kama mahindi.

"Hii nini, Kaka?"

"Ni gesi tu, Debora. Usikuze mambo."

"Mama naye alisema ni gesi tu."

Rehema akaanza kuokota vidonge kimoja kimoja. Elisha akatoka nje akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa jana. Nilikasirika. Niliwaambia mimi ndiye mkubwa, nikiamua kwenda hospitali nitakwenda kwa miguu yangu. Debora alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Haya, miguu yako hiyo hapo. Vaa viatu."

Ilikuwa kipupwe, mwezi ule ambao ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba na nguo hazikauki kwa wiki nzima. Kwenye benchi la hospitali hapa Lushoto tulikaa tumebanana kama kuku wa kupelekwa sokoni, na kusema kweli joto lile lilinifaa. Daktari wa hapo aliniuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniuliza maisha yangu yote. Aliposikia habari ya chakula kukwama, na kupungua mwili, na habari ya Mama, akaacha kuandika. Alinipa dawa za kuanzia, na barua ya kwenda hospitali kubwa kule chini nikaangaliwe kwa kamera. Siku yangu ilikuwa baada ya wiki tatu.

Wiki zile tatu nilijiandaa kufa, na nilijiandaa kwa bidii kama mtu anayetayarisha kitalu. Nilimwonyesha Rehema bahasha za karatasi za shamba. Nilimchukua Elisha kumwonyesha mawe ya mipaka.

"Kaka, mipaka naijua," alisema. "Jiwe lile la juu nimeng'atwa na nyuki hapo mara mbili."

"Nakuonyesha tu, endapo..."

"Endapo nini? Endapo nyuki wamehama?"

Alicheka, lakini aligeuka upande mwingine haraka, akajidai anakagua ukuta wa mawe.

Siku ya kipimo tulishuka milima. Sisi watu wa juu tukishuka tunayeyuka. Nilikuwa na koti, nikalivua, nikavua sweta, na bado jasho lilinitoka. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja wa Magoma na mkewe. Yeye pia alikuwa hajala tangu jana kwa sababu ya kamera hiyohiyo, na mazungumzo yake yote yalikuwa ya chakula.

"Nikitoka humu, mimi na mbuzi," aliniambia. "Mbuzi mzima."

"Daktari atakuruhusu, Mzee?"

"Simuulizi. Mtu akishaniingiza bomba tumboni, hana tena la kunikataza."

Mkewe alikuwa akimpepea kwa ncha ya khanga. Aliponiona ninavyotiririka, akaanza kutupepea wote wawili kwa zamu, mara mumewe, mara mimi, mpaka jina langu lilipoitwa. Sikumuuliza jina. Upepo ule wa khanga bado naukumbuka.

Kipimo chenyewe, msikiogope. Walininyunyizia dawa ya ganzi kooni, yenye ladha ya ndizi mbovu. Nesi alinishika bega akasema, "Pumua kwa pua, baba, kama unanusa maua." Nilikoroma, nilitoa machozi, nilitaka kumng'ata daktari lakini kile kipande cha plastiki kilinizuia. Halafu ikawa imekwisha, muda mfupi kuliko kumwaga maji kwenye tuta moja.

Niliona ndugu zangu wote wanaingia ndani, nami nikajua ndiyo mwisho. Hakuna anayeitisha familia nzima kwa habari njema, niliwaza. Kumbe Mama Singano ndiye aliyewaambia waingie, yeye akiwa mbele.

"Sijaona uvimbe," daktari alisema. "Nimeona njia ya chakula imeungua sehemu ya chini, ina michubuko mingi. Ni asidi inayopanda kutoka tumboni, imekuwa ikipanda kwa miaka. Nimechukua vipande vidogo vikapimwe ili tuwe na uhakika."

"Kwa hiyo si ule wa Mama?" Rehema aliuliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka mitatu.

"Sidhani. Huu unatibika. Lakini atabadilisha maisha."

Mama Singano akapiga kigelegele kimoja kilichotoka kwenye korido ile mpaka getini. Nesi akaruka. "Mama! Hapa ni hospitali!"

"Najua ni hospitali. Ndiyo maana nimepiga kimoja tu."

Majibu ya vipande yalirudi baada ya wiki mbili, yakawa safi. Hakikuwepo kitu cha Mama ndani yangu isipokuwa pua na ubishi.

Ni yule nesi mwenye kicheko aliyenielekeza jinsi ya kuishi. Aliniuliza nakula saa ngapi. Nikamwambia kama saa nne usiku. Nalala saa ngapi? Saa nne na robo. Alicheka mpaka akashika meza.

"Chakula hakijafika hata stendi, wewe umeshazima taa!"

Akaniambia nile mapema, kidogo kidogo, na kati ya kula na kulala zipite saa tatu. Dawa nimeze asubuhi nusu saa kabla ya kutia kitu mdomoni. Nipunguze chai kali, pilipili, nyanya, mafuta na matunda makali. Nisijifunge kiuno. Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa kuweka vitu chini ya miguu yake, siyo kurundika mito, maana mito inakunja tumbo.

"Kitanda chako sasa hivi kimekaaje?" aliuliza.

"Kimekaa sawa tu," nilijibu. Na hilo ndilo jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kumpa mtu wa afya.

Tuliporudi, Elisha alikuja na matofali mawili ya saruji. Lakini fundi mwashi hawezi kuweka tofali bila kupima. Akatoa pimamaji yake, ile rula yenye kichupa cha maji na kipovu cha hewa, akailaza juu ya ubao wa kitanda changu. Kipovu kikakimbilia upande mmoja, kikagonga mwisho, kikakaa hukohuko. Akaigeuza pimamaji, akadhani mbovu. Kipovu kikarudi kulekule. Akailaza sakafuni, hivyohivyo.

"Kaka," alisema taratibu, "unalaza kichwa upande gani?"

"Huku, kwenye ukuta wa jikoni."

Inabidi nieleze. Nyumba yetu Baba aliijenga kwenye mteremko, kama nyumba zote za kwetu: unachimba ukingo upande wa juu, unajaza udongo upande wa chini. Udongo wa kujaza unaendelea kukaa miaka na miaka. Jiko lenye moto liko upande wa chini, na kwa baridi ya huku kila mtu mwenye akili hulaza kichwa chake kwenye ukuta wenye moto. Upande wa jikoni ulikuwa umezama kidogo kidogo pasipo mtu kuona, maana miguu yetu imezoea miteremko hata haihesabu tena kuwa ni mteremko.

"Unalala kichwa bondeni," Elisha alisema. "Miaka ishirini umelala kama gunia linalomiminwa!"

Alikaa chini sakafuni akacheka. Rehema akaja kuangalia kipovu, akacheka. Debora akajaribu kunionea huruma, akashindwa. Mama Singano alipoitwa aje kushuhudia, alitazama, akaondoka, akarudi baada ya nusu saa akiwa ametoka kupima kitanda chake mwenyewe kwa bakuli la maji. "Na mimi," alisema. "Na mume wangu marehemu, Mungu amrehemu, alikoroma bure." Wiki ile Elisha alizunguka nyumba sita na pimamaji yake, na karibu nusu ya kitongoji kikageuza vitanda.

Tulikigeuza changu, kichwa upande wa mlima, tukaweka na matofali. Usiku wa kwanza niliteleza mpaka miguu ikatoka nje ya blanketi na baridi ikaning'ata vidole. Elisha akapigilia ubao upande wa miguu. Kichwa sasa kilikuwa mbali na moto, kwa hiyo Rehema akanifumia kofia ya sufu nyekundu. Nalala nayo mpaka leo. Nafanana na tunda la mti fulani, sijui upi.

Mengine hayakuwa rahisi hivyo. Kuacha chai ya rangi katika milima inayolima chai ni kazi ya mtu mzima. Nilipanda nyanya nikawa naziuza kama mtu anayeuza mali ya jirani, bila kuonja hata moja. Mkanda niliuacha nikavaa suruali ya mikanda ya mabegani, na wanakwaya wakaniita Bwana Meneja. Jembe langu la mpini mfupi Elisha alilitia mpini mrefu, ili nilime nimesimama, na karoti nilijifunza kupalilia nimechuchumaa badala ya kukunja kiuno. Mwezi wa kwanza nilipunguza kazi, na hilo lilinitesa kuliko tumbo. Krismasi nilijisahau nikala pilau yenye mafuta mengi na plamsi mbili, na kwa siku tatu kifua kiliwaka kama tanuri la matofali. Nikarudi kwenye uji na ndizi za kuchemsha, na moto ukatulia. Ukianguka hivyo usikate tamaa. Haimaanishi kwamba umerudi mwanzo.

Lakini gumu kuliko yote lilikuwa kula mapema, kwa sababu kula mapema maana yake ni kula na wenzako.

Debora alikaa nasi mwezi mzima. Jioni moja, jua bado liko kwenye kilele cha mlima wa mbele, nilipika, nikawapakulia wote watatu, kisha nikasimama pembeni ya moto.

"Kaa ule, Kaka," Debora alisema. "Saa kumi na mbili hiyo."

"Nakuja. Naangalia kwanza kama kimetosha."

"Kimtoshe nani? Rehema ana miaka ishirini na mitatu."

"Nimezoea. Kuleni. Mungu alinijalia, hakuna siku sikukuta kitu kwenye sufuria."

Debora akaweka sahani yake chini.

"Mungu?"

"Eh, Mungu."

"Kaka Niko, yule alikuwa mimi."

Sikuelewa. Akaniambia kwamba tangu wiki ile tuliyomzika Mama, kila jioni nilipotoka kufunga mbuzi, alikuwa akirudisha nusu ya chakula chake kwenye sufuria na kukisawazisha kwa mwiko ili nisitambue. Kila jioni. Alijua nisipokuta kitu sitapika kingine, nitakunywa maji nilale.

"Ulikuwa na miaka kumi na tatu," nilisema.

"Na wewe kumi na saba. Watoto wawili tunadanganyana kwa sufuria."

Nilikaa. Yule msichana mwembamba niliyekuwa namgombeza kwamba hanenepi kama wenzake! Elisha, mdomo umejaa, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mimi sikuwahi kurudisha hata punje moja. Nilikula changu, na cha Rehema nikamwambia kapita paka."

"Kumbe paka alikuwa wewe!" Rehema akampiga kwa mwiko. "Nimechukia paka maisha yangu yote!"

Tulicheka mpaka Mama Singano akapiga hodi kuuliza kama kuna mgeni. Debora alikuwa akicheka na kujifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akanipakulia. Nilikula nikiwa nimekaa, jua likiwa bado halijazama, watu watatu wakinitazama kila tonge. Lilishuka. Yote yalishuka.

Sauti ilirudi polepole, noti moja moja, kutoka chini kwenda juu. Siku ya Pasaka nilisimama mahali pangu pa zamani. Tulipofika kwenye sehemu ambayo besi wanashuka peke yao, nilishuka, na sakafu ikawepo. Mwalimu wa kwaya alinyanyua nyusi zake mbili. Tulipotoka nje aliniambia, "Mashine imepata grisi."

Kama unasoma haya na una kiungulia kisichokwenda na msimu, usifanye kama nilivyofanya. Usijaze mifuko vidonge. Usichague ugonjwa wako kwa kuangalia kaburi la mzazi wako. Ukiona chakula kinakwama, au mkanda unataka tundu jipya, nenda ukaangaliwe, na uende na mtu anayejua kupiga vigelegele. Kula mapema. Na upime kitanda chako, hasa kama nyumba yako iko mlimani na unajiona unalala sawa.

Imebaki habari ya Debora. Alipokuwa akifunga mkoba kurudi Mgwashi nilimuuliza nitamlipa nini. Nilidhani atasema si kitu, kama wadogo wanavyowajibu wakubwa. Hakusema hivyo.

"Siku saba," alisema. "Uje kwangu siku saba. Ukae kwenye kiti. Usiguse sufuria, usikate kuni, usifunge mbuzi. Upakuliwe wa kwanza, ule, mimi nikuangalie."

Nikaona ni rahisi. Masika ilipokwisha nilikwenda. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti, mikono nimeibana katikati ya magoti. Siku ya pili nilinyanyuka mara nne kwenda kuangalia moto, na mara nne shemeji yangu alinirudisha kwa adabu. Siku ya tatu mwanawe mdogo alinipigia magoti na bakuli la kunawa, mimi kabla ya baba yake, kabla ya bibi yake, na Debora akawa amesimama mlangoni na mwiko, ananitazama kama mimi nilivyokuwa nawatazama wao. Nilinawa. Nilikula. Asubuhi nikamwambia kuna lori linasubiri kabichi zangu.

Alijua sina kabichi shambani mwezi ule. Alinisindikiza mpaka barabarani bila kubishana. Gari lilipokuja akaninyooshea vidole vitatu, akavikunja, akanyoosha vinne.

Tangu hapo nimelima mteremko mzima na jembe langu refu. Nimeimba kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Dawa daktari ameipunguza, na kuna wiki zinapita sikumbuki kama nina kifua. Safari ya Mgwashi nimeipanga mara tatu, na mara zote tatu nimepata cha kupalilia.

Juzi amepiga simu. Alisema shikamoo, nikaitikia marahaba. Akasema, "Nne, Kaka," akakata.